Komeo la Mlango wa Ziwani

Thunder Bay, 14 Oktoba 2018

Arvo,

Salamu. Sisi huku hatujambo. Mguu wa Mama bado unamsumbua lakini anatembea, na juzi alioka mkate wa iliki, mikate sita, akagawia majirani wote mpaka yule asiyemsalimia. Kirsi wangu ameanza mwaka wa pili wa uuguzi. Theluji ya kwanza ilianguka Jumatano, Alhamisi ikayeyuka. Habari ndizo hizo. Sasa nisikilize.

Nakuandikia barua kwa sababu namba yako nimeizuia na sitaki kuisikia sauti yako ikijitetea. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Jumanne nilikuwa kwa Mama. Kila Jumanne tunaangalia tamthilia yako, mimi na yeye. Mama anavaa sweta yake nzuri kana kwamba utamwona kutoka ndani ya televisheni. Jina lako likipita pale mwanzoni ananigusa goti: "Huyo ni Arvo wetu." Ananiambia mimi, dada yako wa tumbo moja.

Sehemu tatu za kwanza nilivumilia. Stelingi wako Corin ana saa ya mkononi inayomrudisha wakati uliopita, anaruka juu ya magari, anawapiga wabaya mpaka wanapita madirishani. Sawa, watu wanapenda. Lakini sehemu ya nne umeonyesha ulichokuwa unakipika. Kumbe Corin alikuwa na mdogo wake wa miaka minane, akazama kwenye barafu ya ziwa, mwezi wa tatu. Kumbe dada yao wa miaka kumi na sita alikuwa jikoni anaongea na simu, anacheka, anajizungushia waya kidoleni, mtoto anapita nyuma yake anatoka mlangoni. Na dada huyo akikua ndiye adui wa dunia nzima. Umemwita Rhea. Raili, Rhea. Hata kuhangaika kulificha hukuhangaika.

Mama alinyanyuka kabla ya matangazo, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilikaa kwenye kochi peke yangu nikijiangalia ninavyomuua mdogo wetu Eino mbele ya watu milioni mbili.

Wewe unajua nimeishije na Mama tangu 1987. Kirsi alipozaliwa Mama alihamia kwangu mwaka mzima. Watu walinipongeza, una bahati, mama yako anakusaidia. Hakuja kusaidia, alikuja kulinda. Nikienda kuoga alimchukua mtoto. Nikitoka alimpa mume wangu, si mimi.

Nina swali moja, maana wewe ni bingwa wa mambo haya. Huyo Corin ana saa inayomfikisha dakika yoyote aitakayo. Mtoto anazama saa nane mchana. Kwa nini Corin anatua saa tisa, mtoto ameshakufa, aanze kumwinda dada yake miaka thelathini, amharibie kazi, amharibie harusi? Kwa nini hatui saa saba na nusu amshike mtoto mkono?

Raili

*

Vancouver, 2 Novemba 2018

Dada Raili,

Shikamoo, kwa kuwa umenizidi umri na si kwa sababu nyingine. Huku mvua, kama kawaida. Denise hajambo. Mapacha wameacha piano, wanataka ngoma, majirani wataniua. Mwambie Mama nitampigia wiki ijayo, tunapiga picha siku sita kwa wiki na silali vizuri.

Nimeisoma barua yako mara mbili kutafuta mahali ulipouliza mimi nikoje. Sijapaona.

Rhea si wewe. Chumba chetu cha uandishi kina waandishi saba na kila mmoja ameweka chake. Maji yalitoka kwa mmoja, simu ilitoka kwa mwingine. Watu wazima hawaangalii televisheni kama wanaangalia albamu ya familia.

Kuhusu swali lako. Adui lazima aumie, vinginevyo watazamaji wanazima. Kisasi ndicho kinachoendesha hadithi. Corin akimwokoa mtoto sehemu ya nne, tunafanya nini sehemu tisa zilizobaki, tunawaonyesha wakinywa kakao? Halafu mtoto akiokoka, Corin hana uchungu. Bila uchungu haitengenezi ile saa. Bila saa nani alirudi kumwokoa? Hapo hadithi inajila mkia. Ndiyo maana tumekubaliana, akirudi nyuma na kubadilisha kitu, wakati unagawanyika kama mto, upande mmoja jambo limetokea, upande mwingine halikutokea. Tumebishana juu ya hilo wiki mbili mbele ya ubao. Si mambo ya kufikiria ukiwa unahesabu vidonge dirishani kwenye duka la dawa.

Umri ulionao sasa unatosha kuacha kujiona kwenye kila kioo.

Arvo

*

Thunder Bay, 11 Novemba 2018

Arvo,

Tuko wazima. Kirsi ana mafua. Mama anasema hukupiga.

Nashukuru kwa somo. Vidonge navihesabu mwaka wa ishirini na mbili sasa na sijawahi kumpa mtu dawa ya mwingine, kwa hiyo kufuata jambo mpaka mwisho wake naweza.

Unasema wakati unagawanyika kama mto. Sawa. Corin akirudi akamwokoa mtoto, mtoto anaishi kwenye mto wa pili. Kwenye ule wa kwanza bado yuko chini ya barafu. Mama yake bado anatandika vitanda vitatu Jumamosi kwa mazoea halafu anakitandua kimoja. Stelingi wako hajamwokoa mtu. Amehamia nyumba ya watu wengine ambako hakuna msiba, akaketi mezani akajifanya ni kwao. Ninyi wasomi saba na ubao wenu hamkuliona hilo? Mama aliliona nilipomweleza. Alisema, "Na yule wa kwanza je?"

Na bado hujajibu. Sikuuliza kwa nini tamthilia ina sehemu kumi na tatu. Nimeuliza kwa nini mtu anayempenda mdogo wake anachagua saa tisa.

Umesema Rhea si mimi. Wiki hii alikuwa amevaa koti la kijani lenye vifungo vya mbao. Koti lile alinishonea Shangazi Lempi. Ni nani kati ya wale saba aliyekuwa na shangazi anayeitwa Lempi?

Raili

*

Vancouver, 25 Novemba 2018

Raili,

Hatujambo. Nina kazi nyingi na nitasema kwa ufupi.

Wewe ulikuwa jikoni. Hilo sikulitunga mimi na halikutungwa na mtu yeyote. Baba na Mama walikwenda mjini kuzika, wakakuachia nyumba ya ziwani na sisi wawili. Mimi nilikuwa kwa jirani, Mzee Niskanen, napanga kuni, yeye mwenyewe alimwambia polisi. Mtoto alipita nyuma yako kwa sababu ulikuwa na simu sikioni. Nimekaa na jambo hilo tangu nina miaka kumi na miwili. Nina haki ya kuliandika. Kama linakuchoma, jiulize kwa nini.

Usinifundishe kazi yangu. Nilitoka huko na begi moja. Wewe ulibaki unakunywa kahawa ya Mama na kumlalamikia kwamba hakupendi.

Acha kuniandikia.

Arvo

*

Thunder Bay, 9 Desemba 2018

Arvo,

Salamu kutoka kwa Mama. Anakufumia soksi, nimemwambia una soksi za kutosha.

Ulisema niache kuandika na nilikuwa nimeacha. Kisha tamthilia ikarudi baada ya mapumziko ya wiki tatu, nikaangalia sehemu ya tisa.

Hatimaye umemfikisha Corin saa saba na nusu. Nilisogea mbele kwenye kochi, Mungu anisamehe, kama mjinga. Nikamngoja asimame mbele ya mlango wa jikoni. Hakusimama hapo. Alizunguka nyumba, akapita rundo la kuni, akaenda kusimama nje ya sauna, kile chumba cha mvuke mwishoni mwa nyumba, mbele ya ule mlango mdogo unaotazama ziwa. Mtoto akatokea hapo, ameshika viatu mkononi, anatembea na soksi asisikike. Akakaa kwenye kizingiti akavaa viatu.

Nimeona tamthilia mbovu nyingi na najua mwandishi akikosea inakuwaje. Hukukosea. Uliandika kama mtu anayekumbuka.

Sasa tufuate mpaka mwisho. Nyumba ile ilikuwa na milango miwili tu, wa jikoni na ule wa ziwani. Nilisema nikiwa na miaka kumi na sita, nikasema mbele ya polisi, nikasema mbele ya Baba mpaka akanipiga kofi: Eino hakupita jikoni. Simu ilikuwa sikioni lakini macho hayakuwa kwenye simu. Wakaniambia ni lazima alipita, kwa sababu mlango wa ziwani ulikutwa na komeo kwa ndani. Polisi alinishika bega akanionyesha lile komeo. "Mtoto akiwa nje anafungaje komeo la ndani, binti?" Miaka thelathini na moja sikuwa na jibu, mpaka nikaanza kuamini kwamba kweli nilimwona nikasahau.

Mtoto ametoka mlango wa ziwani. Komeo limefungwa kwa ndani. Mimi niko jikoni. Wewe uko kwa Niskanen.

Nani alifunga komeo?

Raili

*

Thunder Bay, 6 Januari 2019

Arvo,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi Mama aliweka sahani yako kisha akakaa karibu na simu mpaka samaki akapoa. Hukupiga. Nilimwambia laini za milimani zimeharibika kwa dhoruba. Nimedanganya kwa ajili yako na imeniuma kuliko maneno yako yote.

Swali langu liko palepale.

Raili

*

Vancouver, 27 Januari 2019

Dada,

Sina habari za kukupa. Watoto wazima. Denise anadhani naumwa.

Nimeandika barua hii mara kumi na moja na kila mara inatoka kama tamthilia, nikitupa karatasi naona hata namna ninavyoitupa nimeipanga. Nitasema bila kupanga.

Nilikuwa nyumbani. Mimi na Eino tulikuwa tumetoka kucheza hoki ya barafuni mbele ya gati. Kile kisahani cheusi cha kupiga kwa magongo, nilichopewa na kocha, kiliteleza mbali, Eino ndiye alikipiga, nikamkasirikia. Tulipoingia kujipasha moto sauna nikamwambia hatakula mpaka akilete. Akasema barafu ya kule inalia. Nikamwambia wewe mwepesi, mimi ndiye ningezama. Akasema Dada atakataa. Nikamwambia pita huku, shika viatu mkononi.

Akatoka. Nikafunga komeo.

Sikuwa na sababu. Nilitaka akirudi abishe hodi kidogo, aombe. Nilikaa kwenye benchi nikingoja abishe ili nicheke. Nikangoja. Kisha nikachoka, au nikaogopa, sijui, nikatoka kwa kupitia jikoni. Ulikuwa umegeukia dirisha. Aliyepita nyuma ya mgongo wako siku ile ni mimi. Nilikwenda kwa Niskanen nikapanga kuni kwa haraka, na alipokuja nje nikamwambia niko pale tangu saa saba. Alikuwa amekunywa. Aliamini.

Sijui kama alirudi. Hilo ndilo sijui. Sijui kama alifika mlangoni akabisha wakati mimi nimeshaondoka, akakuta komeo, akarudi ziwani kuzunguka. Kila nyumba niliyokaa nimeng'oa makomeo. Denise anadhani ni mambo ya usalama wa watoto.

Ulipigwa kofi mbele yangu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maziwa, nikakimaliza.

Uliuliza kwa nini saa tisa. Kwa sababu mtu akifika saa saba na nusu ananikuta mimi. Akifika saa tisa anakukuta wewe tu. Sehemu ya tisa niliiandika peke yangu siku moja, wenzangu wakaisifu. Niliuona ule mlango kwenye karatasi na sikuufuta. Nilijua unaangalia.

Sikuombi kitu.

Arvo

*

Thunder Bay, 5 Februari 2019

Arvo,

Nimesoma barua yako kwenye maegesho ya kazini, kisha nikaingia nikahesabu vidonge mpaka saa kumi na moja. Sikukosea hata kimoja.

Nitakwambia jambo moja, na usidhani ni huruma. Mimi ndiye niliyetia sahihi orodha ya vitu alivyokutwa navyo mwilini, kwa sababu Mama hakuweza na Baba hakutaka. Pipi moja, kitambaa, glavu moja. Basi. Kisahani hakikuwepo. Hakukifikia. Kwa hiyo hakurudi, kwa hiyo hakubisha. Hicho ulichokibeba miaka yote hakikutokea. Nakwambia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sitaki uendelee kutunga.

Hivyo vingine vyote vilitokea. Ulimtuma. Ulifunga. Ukaniangalia nikipigwa. Na kama hiyo haikutosha, ulipokuwa mtu mzima mwenye kazi na mshahara ukakaa mezani ukanivika koti la Shangazi Lempi ukanifanya jini mla watu, ili unichukie vizuri zaidi.

Usiniombe msamaha kwa barua, sitaifungua. Mwambie Mama. Si kwa simu. Uje ukae mbele yake. Ana miaka sabini na tisa, na anaamini ana mtoto mmoja mwema na mmoja wa kulindwa. Ukifika mwezi wa tatu hujaja, nitamsomea barua yako mwenyewe, neno kwa neno.

Raili

*

Vancouver, 12 Februari 2019

Raili,

Ndege ya Jumamosi tarehe 23, nafika saa sita mchana. Uwepo, tafadhali.

Sehemu ya mwisho niliibadilisha. Corin anaufungua ule mlango anamkuta mvulana wa miaka kumi na miwili ameketi kwenye benchi. Wakubwa wamekataa, wanasema watazamaji hawatamsamehe stelingi. Wameweka ile ya zamani na mimi nimeondoka pale. Usiiangalie.

Arvo

*

Thunder Bay, 10 Machi 2019

Arvo,

Tuko wazima, ila Mama hali vizuri.

Niliiangalia. Mtoto ameokolewa, Rhea ameangukia kwenye volkano, wote wanakumbatiana. Mama alizima kabla jina lako halijapita tena mwishoni.

Uliondoka baada ya dakika ishirini, kwa hiyo hujui kilichofuata, na nadhani unastahili kujua. Uliona alivyouliza, "Komeo?" mara mbili, kama mtu asiyesikia. Uliona alivyokwambia koti lako liko mlangoni. Ulipofunga mlango hakulia. Alikaa mbele ya ile supu ya samaki aliyokupikia mpaka ikaganda utando. Mimi nilisimama kwenye sinki naosha chombo kilekile.

Kisha akasema, bila kunitazama, "Raili, mimi niliwahi kufikiria."

Nikazima maji. "Kufikiria nini, Mama?"

"Glavu za Arvo. Siku ile zilikuwa zimewekwa juu ya jiko la sauna, zimelowa. Kama alikuwa kwa Niskanen tangu saa saba, zilifikaje pale? Nilizichukua nikazianika kwingine. Sikumwambia baba yako."

Nikamuuliza kwa nini. Unajua alinijibu nini? "Nilikuwa nimezika mmoja. Ningefuata zile glavu, ningebaki na nani?"

"Ungebaki na mimi."

"Wewe ulikuwa na nguvu," akasema. "Niliona utaweza."

Arvo, nilitaka kuvunja kitu. Mwaka ule mzima aliokaa kwangu akininyang'anya mtoto mikononi, alikuwa ameziona glavu. Nilidhani nikipata ukweli nitapata mama. Nimepata wawili mlionichagua nibebe lawama, bila kuulizana. Nilivaa viatu nikatoka, nikaendesha gari mpaka taa za mji zikaisha, nikageuza, kwa sababu dawa yake ya shinikizo huwa nampa mimi saa kumi na mbili.

Nilipoingia alikuwa bado pale pale. Akasema, "Samahani, mwanangu." Sikumjibu "haidhuru", kwa sababu inadhuru. Nilimpa kidonge na glasi ya maji. Akanishika mkono, akaushika muda mrefu, na mimi sikuutoa. Hapo ndipo tulipofika. Usidhani ni zaidi ya hapo.

Wewe sijakusamehe na sijui kama kuna siku. Ukinipigia sitapokea. Wapwa zangu ningependa kuwaona wakati wa kiangazi. Denise awalete, wewe ubaki.

Lakini Mama kila asubuhi anauliza kama ulifika salama. Mimi nashindwa nimjibu nini, maana sikukuuliza na sitakuuliza. Mwandikie. Juu ya bahasha weka jina lake, si langu. Maandishi madogo yanamshinda siku hizi, kwa hiyo atakayemsomea ni mimi, kwa sauti, kila neno. Kwa hiyo andika ukijua hivyo, na usitunge.

Raili